Mtii serikali, sawa, lakini mpaka wapi? Utawala wa Mungu kuanzia dukani mpaka kwenye kura

Kila uchaguzi ukikaribia, iwe Tanzania, Kenya, Uganda, kwenye magrupu ya wasapu ya makanisa yetu mabishano ni yaleyale. Mmoja anaposti Warumi 13, hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu, kwaiyo kazi yetu ni kuombea viongozi na kunyamaza. Mwingine anamjibu na Matendo 5:29, "imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu", kwaiyo tusimame tuseme. Wa tatu anasema jamani wenyeji wetu uko mbinguni, siasa tuwaachie wenyewe. Wote watatu wana andiko na wote wanampenda Bwana, lakini watu wanaishia kununiana wiki nzima na hakuna kilichoeleweka. Mi naona shida ni kwamba tunachukua mstari mmoja mmoja bila kuuliza ulisemwa kwa nani na wakati gani, na pia tunasahau kwamba kuna watu wa hapahapa kwetu walishapita kwenye hii hali kabla yetu, wengine walikufa kabisa, na maisha yao yanajibu vitu vingi tunavyobishania.

Tuanzie kwa Yesu mwenyewe. Ujumbe wake wa kwanza kwenye Marko 1:15 ni kwamba ufalme wa Mungu umekaribia, na aliusema kwenye nchi iliyokuwa chini ya Roma, kwaiyo usifikiri waliomsikia walidhani anaongelea mambo ya kiroho tu ya kujifungia chumbani kuomba. Ukisema kuna mfalme kwenye nchi ambayo tayari ina mfalme, umeshasema jambo zito. Ndio maana kule Thesalonike (Matendo 17:7) mashtaka dhidi ya Wakristo yalikuwa kwamba wanasema yuko mfalme mwingine, Yesu. Lakini huyohuyo Yesu, watu walipotaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu baada ya kula mikate (Yohana 6:15), aliwakimbia akaenda mlimani peke yake. Na mbele ya Pilato alisema ufalme wake sio wa ulimwengu huu, na watu wengi wanaishia hapo hawasomi kilichofuata: ungekuwa wa ulimwengu huu, watumishi wangu wangenipigania. Yaani hakusema ufalme wake hauhusiani na dunia, alisema hausimamishwi kwa panga. Hiyo ni tofauti kubwa sana, na naomba tuishikilie hapo maana huko mbele itatusaidia.

Kwaiyo utawala wa Mungu sio eneo la nchi, sio chama, sio kabila, na sio masaa mawili ya Jumapili. Unadai mtu mzima, na pesa yake na mdomo wake na kura yake. Kinachosumbua ni kwamba serikali nayo inadai, chama kinadai, ukoo unadai, bosi kazini anadai, na kila mmoja anadai kwa sauti ya mtu mwenye haki.

Sasa Warumi 13. Paulo aliandika barua hii mnamo mwaka 57, Kaisari akiwa Nero, bado kijana na hajaanza kuwaua Wakristo, hilo lilikuja mwaka 64 baada ya mji wa Roma kuungua na yeye kuwatupia lawama. Miaka ileile aliyoandika Paulo watu walikuwa wamechoshwa na wakusanya ushuru, mpaka mwaka 58 malalamiko yakamfikia Nero mwenyewe akafikiria kuufuta kabisa ushuru wa aina ile. Wakristo wa Roma walikuwa kundi dogo, na Wayahudi kati yao walikuwa wanakumbuka jinsi Kaisari Klaudio alivyowafukuza mjini. Kundi kama hilo likianza kugoma kodi na kulipiza kisasi linafutwa ndani ya wiki. Na ukisoma sura ya 12 mpaka 13 bila kusimama (Paulo hakuandika sura wala mistari, tuliweka sisi baadae) utaona anaanza na msijilipize kisasi, mshinde ubaya kwa wema, ndio anaingia kwenye mamlaka, anamaliza na anayempenda mwenzake ameitimiza sheria. Mada yake ni kuishi bila kisasi. Sio kibali cha mtawala kufanya chochote anachotaka.

Alafu kuna mstari wa 4 ambao wanaopenda kuitumia sura hii kuwanyamazisha watu hawaukazii. Unasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bosi wake na ana kazi aliyopewa, kwaiyo palepale Paulo anapotuambia tutii ametuambia pia mtawala anapimwa na nini. Na Paulo mwenyewe hakuishi kama mtu wa kunyamaza. Kule Filipi walimpiga viboko hadharani bila kesi, kesho yake wakatuma watu wamwachie kimyakimya, akakataa, akasema waje wenyewe watutoe (Matendo 16:37). Baadae akatumia haki yake ya uraia akakata rufaa mpaka kwa Kaisari. Huyu ndio aliyeandika Warumi 13! Alikuwa anaiheshimu serikali kiasi cha kuidai ifuate sheria zake zenyewe.

Na ile stori ya sarafu kwenye Marko 12, wengi tunaichukua kama Yesu aligawa maisha mafungu mawili, hili la Kaisari hili la Mungu, na kila mmoja asiingie kwa mwenzake. Soma tena. Anaomba waoneshe dinari, anauliza sura hii ni ya nani, wanajibu ya Kaisari. Sawa, basi mpeni Kaisari chake, na vya Mungu mpeni Mungu. Lakini kila aliyekuwa pale alikuwa anajua Mwanzo 1, kwamba mwanadamu ndio aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Kwaiyo pesa yenye sura ya Kaisari mpe, lipa kodi, usikwepe, lakini mtu hana sura ya Kaisari. Kaisari akianza kudai watu, roho zao, dhamiri zao, ukweli wao, hapo amedai kitu ambacho hakina chapa yake. Mi kwangu huo ndio mpaka.

Na Matendo 5:29 inakaa sawa tu na hayo. Petro na wenzake hawakusema serikali haina maana, walikuwa wameamriwa waache kuhubiri na wao Mungu aliwaamuru wahubiri, hawawezi kufanya vyote viwili, wakachagua. Walipigwa viboko wakatoka wakifurahi, hawakurudi na mapanga. Sawa na wale vijana watatu wa Danieli 3, hawakumpindua Nebukadneza wala hawakutoroka, walisimama tu wakati wengine wamelala kifudifudi, wakamwambia Mungu anaweza kutuokoa "bali kama si hivyo" bado hatuiabudu sanamu yako. Mtu anayekataa amri ovu waziwazi na akakubali kubeba matokeo bado anaiheshimu mamlaka. Anayekwepa kodi kwa siri akisema serikali ni ya wezi, huyo hajafanya kitu cha imani hata kidogo, amebaki na hela yake tu.

Hayo ni maneno, tuje kwa watu.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukafika Kenya mwaka 1937, ule wa wimbo wa Tukutendereza. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya mwezi Oktoba 1952, waamini wengi wa uamsho huko Kikuyuni walijikuta katikati. Mau Mau wanataka wale kiapo. Wakakataa, wakisema wameshakunywa damu ya Yesu kwenye meza ya Bwana na hawawezi kuweka agano lingine la damu, tena la kuua. Kuna waliouawa kwa hilo. Lakini sehemu ambayo haisimuliwi sana ni kwamba Waingereza nao walitaka wachukue bunduki waingie homugadi, mgambo wa serikali, na wengi wao walikataa hiyo nayo. Kwaiyo upande mmoja wanaonekana vibaraka wa mzungu, upande wa pili wanaonekana wanawaficha Mau Mau. Ukitaka kuona utii kwa Mungu ambao hauna faida yoyote ya kisiasa ni huo. Ila niseme ninachoamini, dai la ardhi lilikuwa la haki, watu walinyang'anywa mashamba ya baba zao, na kanisa kwa ujumla lilikuwa kimya mno kuhusu wizi ule. Kukataa kuua walikuwa sahihi kabisa. Lakini Mungu wa manabii anachukia pia kuhamisha mpaka wa shamba la jirani, na hilo lilihitaji kusemwa kwa sauti ileile.

Mwaka 1969 baada ya waziri Tom Mboya kuuawa, viapo vilirudi Kenya, safari hii watu wanasombwa kupelekwa Gatundu kuapa kwamba uongozi hautatoka kwenye nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Hapo makanisa yalisema, na magazeti ya Kikristo ya Target na Lengo, mhariri akiwa Henry Okullu ambaye baadae alikuja kuwa askofu, yalipinga waziwazi. Tofauti na miaka ya hamsini, safari hii wanaolisha watu kiapo hawako msituni, ni watu wa karibu na dola.

Uganda kila mtu anamjua askofu mkuu wa Anglikana Janani Luwum angalau kwa jina, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa kwao. Lakini watu wanamkumbuka siku ya kifo tu. Kabla ya hapo alikuwa anakwenda kwa Idi Amin mara kwa mara kuombea watu waliokamatwa, na kuna Wakristo walimnung'unikia kwamba yuko karibu mno na ikulu. Hakuwa mpinzani wa kisiasa. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake Namirembe wakidai wanatafuta silaha, na siku chache baadae maaskofu wakamwandikia Amin barua, kwa heshima, na majina yao wameyaweka, wakamwambia kwamba bunduki iliyomlenga askofu mkuu imemlenga kila Mkristo. Tarehe 16 akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, kesho yake serikali ikatangaza wamekufa kwenye ajali ya gari. Ninachotaka tuone ni kwamba yule mtu wa kwenda ikulu kuombea watu na yule mtu wa kusaini barua ni mtu mmoja. Alimtii Amin pale palipowezekana, akamkatalia pale ambapo kunyamaza kungekuwa kusaidia kuua.

Sasa Kenya tena, na hii ya mlolongo naipenda sana maana ilianza na kitu kinachoonekana kidogo. Mwaka 1986 KANU, chama tawala, ilipitisha kwamba kwenye uteuzi wa wagombea watu wasipige kura ya siri, wapange foleni nyuma ya mgombea au wakala wake. Makanisa yaliyokuwa kwenye baraza lao la NCCK yakapinga, na sababu yao ya kwanza ilikuwa ya kichungaji kabisa: mchungaji akipanga foleni nyuma ya mtu mmoja huku kondoo wake wako foleni nyingine, Jumapili atawalishaje? Wakaambiwa wanaingilia siasa. Mwaka 1988 mlolongo ukatumika, na sehemu nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu mchana kweupe mbele ya watu wote. Yaani watu wanatazama kwa macho yao alafu wanatakiwa waseme hawajaona. Hapo ishu ikawa imegeuka kuwa ya amri ya tisa, usishuhudie uongo.

Askofu David Gitari alikuwa anahubiri Danieli 6, yule Danieli mtumishi wa serikali mwaminifu ambaye maadui zake hawakupata kosa kazini kwake, ikabidi watunge sheria ili wampate. Mahubiri hayo ya mwaka 1987 yalileta moto kwenye magazeti na bungeni ingawa alikuwa anafafanua Biblia tu mstari kwa mstari. Mwezi Aprili 1989 kundi la watu likavamia nyumba yake usiku, akaponea juu ya paa akipiga yowe mpaka majirani wakaja. Askofu Alexander Muge wa Eldoret yeye aliambiwa na waziri mmoja, hadharani, kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Tarehe 14 Agosti 1990 akaenda, akahubiri, na akiwa njiani kurudi gari lake likagongana na lori, akafa. Waziri akajiuzulu. Desemba mwaka huohuo KANU ikaufuta mlolongo.

Wengine watasema huo ni upinzani tu uliovaa joho. Mi sikubaliani, na sababu ni kwamba Gitari na Muge hawakuwa wanagombea kitu wala hawakusimamisha chama, na Muge hata ilipokuja ajenda ya vyama vingi hakuwa na msimamo mmoja na wenzake wote. Walikuwa wanadai kitu ambacho serikali hiyohiyo iliahidi kwenye sheria zake.

Upande wa pili wa shilingi upo na unauma. Rwanda ilikuwa nchi yenye Wakristo wengi mno kwa hesabu ya waliobatizwa, na mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa yenyewe, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, na waliowaua wengi walikuwa wamekaa nao kwenye mabenchi yaleyale. Ilifikaje huko? Kuna sababu nyingi, ila mojawapo ni kwamba uongozi wa kanisa ulikaa karibu na chama kwa miaka mingi kiasi kwamba askofu mkuu wa Kigali alikuwa mjumbe wa kamati kuu ya MRND, chama tawala, kwa muda mrefu, mpaka akaombwa ajitoe karibu na ziara ya Papa mwaka 1990. Kanisa lililozoea kukaa meza moja na chama halikuwa na sauti siku chama kilipotaka damu. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake katika mauaji yale.

Na miaka mitatu baada ya mauaji ya Rwanda, ng'ambo ya mpaka, Burundi, kwenye seminari ndogo ya Buta, wauaji waliingia bwenini alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40, mchanganyiko hivohivo kama walivyokuwa wakilala na kula pamoja. Walikuwa wanafunzi tu, hakuna aliyesoma waraka wala kufanya maandamano. Nikiulizwa utii kwa utawala wa Mungu unafananaje kisiasa naanzia Buta kabla sijafika kwa askofu yeyote, maana kabila lilikuja kudai watu ambao sio wa kabila, ni wa Mungu, likaambiwa hapana.

Kuna waliochagua njia ya kujitoa kabisa. Mashahidi wa Yehova wa Malawi walikataa kununua kadi ya chama cha Kamuzu Banda, wakapigwa marufuku mwaka 1967, nyumba zikachomwa, na mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia. Mafundisho yao mengi mimi siyakubali, ila uvumilivu ule ni wa kuheshimu, walipigwa kwa ajili ya kadi ambayo mtu mwingine angeinunua akatulia. Ninapoachana nao ni kwenye kutokupiga kura kabisa. Yeremia 29:7 anawaambia watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli wautakie amani mji ule wa adui zao na wauombee. Kura ni sehemu ya kuutakia mji amani. Mwenye nafasi ya kumzuia mwizi wa dawa za hospitali asirudi ofisini na hakuitumia, sidhani atasema wenyeji wake uko mbinguni kwaiyo hakumuhusu.

Lakini sasa, na hapa ndio nataka nikae, hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza siku ile jina lake lilipotoka magazetini. Mtu ambaye hajawahi kusema hapana kwenye kitu cha elfu kumi hatasema hapana kwenye kitu cha uhai. Watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini (Luka 3), hakuwaambia watoke kwenye kazi za Kaisari. Watoza ushuru aliwaambia msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Askari aliwaambia msidhulumu mtu, msisingizie, mtosheke na mshahara wenu. Hebu fikiria hayo yakifuatwa barabarani kwetu wiki moja tu, trafiki asisingizie, dereva naye asichomeke noti ndani ya leseni.

Dukani unaulizwa, na risiti au bila risiti, bila risiti bei inashuka. Hapo ndio Warumi 13:7 inapotekelezwa au inapovunjwa, mtu wa kodi, kodi. Na mwenye duka anayepima sukari kwa mizani iliyochezewa ana Mithali 11:1 ya kujibu, na tajiri anayemkalisha dada wa kazi miezi mitatu bila mshahara huku akifunga na kuomba ana Yakobo 5:4. Karani anayeshikilia faili la mjane mpaka apewe chai anafanya siasa tayari, hata kama hajawahi kukanyaga mkutano wa kampeni. Yeye ndio serikali kwa yule mjane.

Wakunga Shifra na Pua kwenye Kutoka 1, Farao aliwaamuru waue watoto wa kiume wakati wa kuzalisha, Biblia inasema walimcha Mungu wakawaacha watoto hai. Wanawake wawili, kazini kwao, zamu ya kawaida. Nesi anayekataa kuuza dawa za serikali nje na mhasibu anayekataa kusaini malipo hewa na mwalimu aliyepewa usimamizi wa kituo cha kura akakataa kubadilisha fomu, hao wako kwenye mstari uleule wa Shifra na Pua, na mara nyingi hakuna anayewajua, na wengine wanahamishiwa vituo vya mbali huko kwa ajili hiyo. Makanisa yetu yajifunze kuwatafuta hao watu na kuwabeba, chakula, ada za watoto, wakili ikibidi. Tunawaacha wabebe peke yao alafu tunashangaa kwanini wachache wanathubutu.

Simu nayo. Kutoka 23 mwanzoni inasema "usivumishe habari za uongo", na mstari unaofuata usiandamane na mkutano kutenda uovu. Sisi tunaforwadi klipu ya kumchafua mgombea wa dini nyingine au wa kabila lingine bila kujua imetoka wapi, asubuhi tukishamaliza ibada. Uongo unaotusaidia upande wetu bado ni uongo. Na kanga, fulana, chumvi na vile vielfu tano vya usiku wa kuamkia uchaguzi, watu wanasema chukua tu alafu mpigie unayemtaka. Mi nasema usichukue. Ukishapokea umemwambia yule mtu kwamba sura ya Mungu iliyo ndani yako ina bei, na miaka mitano yote atakuona hivo.

Na kama mtu mmoja haruhusiwi kuuza kura, kanisa linaruhusiwa kuuza mimbari? Hili limekuwa donda Kenya. Septemba 2021, siku ya kumweka wakfu Rose Okeno wa Butere, askofu mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya Anglikana Kenya, askofu mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza wanasiasa wakaribie ibadani kama waumini wengine ila wasishike maiki. Juni 2024, wakati wa maandamano ya muswada wa fedha, vijana walewale waliokuwa wanamwita Rais Ruto Zakayo, yule mtoza ushuru, waliwageukia na wachungaji, wakasema mmekula pamoja nao. Iliuma lakini walikuwa na pointi. Novemba mwaka huo maaskofu wa Katoliki wakatoa tamko kali kuhusu uongo katika uongozi, siku chache baadae rais akatoa mchango kwenye parokia moja Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru hela irudishwe. Bongo kwetu huku maaskofu wa TEC (baraza la maaskofu Katoliki) na wa KKKT (Walutheri) walitoa nyaraka mwaka 2018, na TEC tena Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari, zikasomwa makanisani, na kelele zilikuwa kubwa kwamba wanachanganya dini na siasa. Mtu anaweza kutokubaliana na hoja za waraka, hilo ni sawa, waraka sio Biblia. Lakini huwezi kusema askofu asiongee kuhusu mali ya wananchi halafu umkaribishe huyohuyo aongoze sala ya kufungua mkutano wenu.

Hatari ya upande wa pili pia ipo na nisiifiche. Kuna wachungaji wanaomtabiria mgombea ushindi kila msimu, na wengine wanaoita kila wanachokipinga "cha shetani". Kanisa likishakuwa tawi la upinzani limepoteza kitu kilekile ambacho kanisa la kamati kuu kule Rwanda lilipoteza. Kipimo changu ni rahisi: chama unachokipenda kikifanya leo kile ulichokemea jana kwa chama kingine, je utakemea kwa sauti ileile?

Watu wananiuliza, je Mkristo agombee, aingie serikalini? Aingie. Tunamsahau Obadia wa 1 Wafalme 18, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, mfalme mbaya kweli, na mkewe Yezebeli anaua manabii, na Obadia yuko ndani ya ikulu hiyohiyo akiwaficha manabii mia mapangoni, hamsini hamsini, akiwalisha chakula na maji kipindi cha ukame. Eliya alikuwa nje akipaza sauti, Obadia ndani, na Mungu aliwatumia wote wawili. Ila kabla hujachukua fomu kaa na mwenzi wako na watu wawili watatu wa kanisani wanaokuambia ukweli, waambie mapema ni amri gani ukipewa hutaitekeleza hata kama ni kupoteza cheo, iandikeni, na wao wawe na ruhusa ya kukupigia simu siku hiyo ikifika. Kama huwezi kutaja hata moja, subiri kwanza uchaguzi unaofuata.